Mguu Unaosikia Reli

Bibi alikuwa ndani ya treni akifuma sweta la mjukuu, macho kwenye sindano, masikio kwa majirani. Mzee aliyekaa mbele yake alikuwa akijisifu kwamba kwa miaka thelathini alikaza boliti za maungio ya reli. "Hata nikifumba macho, mguu unaniambia kila tunapopita maungio. Ta-ta, ta-ta!"

"Siku hizi reli tunazichomelea, baba," akajibu mama mmoja mwenye ovaroli, mikono imejaa makovu ya cheche. "Kutoka darajani hadi kituoni nimeunganisha mimi. Nikishachomelea nasugua, kisha napitisha ukucha. Ukikwama, narudia."

"Mwanangu, mimi hunidanganyi. Nitakuonyesha maungio yako yote."

"Ukipata hata ungio moja tu, kesho naenda kulirudia mbele yako."

Mzee akavua kiatu, akavua na soksi, akakanyaga sakafu kwa unyayo mtupu. Soksi ilikuwa na tundu, lakini Bibi hakuombwa ushauri.

Kabla ya daraja mguu ulicheza vizuri: ta-ta, ta-ta. Daraja likapita. Mguu ukatulia. Mama yule akabana pumzi. Bibi naye akaacha kufuma.

"Vipi, baba?"

"Ngoja kwanza."

Wakangoja mpaka treni ikasimama na watu wakaanza kushuka.

"Tumefika kituoni," mama akasema, kidevu juu.

"Mguu umeingia ganzi," mzee akajibu, akiitafuta soksi. "Kesho tupande tena. Nitavua viatu vyote viwili."