Mabuti Namba Arobaini na Sita Yarudi Stoo

Watumishi wote wanaarifiwa kwa heshima kwamba Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, saa nane mchana, jozi moja ya mabuti ya mpira, namba arobaini na sita, la kushoto likiwa na kiraka, itapokelewa rasmi stoo. Aliyekuwa ndani yake kwa miaka thelathini na mitatu, Mzee Heldur Rannala, mfyekaji wa hifadhi yetu hapa kisiwani Saaremaa, anastaafu.

Mzee Heldur aliajiriwa mwaka 1991 kutunza konde lenye miti ambako huota ua tunaloliita kiatu cha dhahabu. Ni ua la ajabu. Nyuki huingia ndani ya kiatu akidhani kuna karamu, hakuti hata tone la asali, kisha hutokea mlango wa nyuma akiwa amebebeshwa chavua. Mzee Heldur husema amehudhuria harusi kadhaa za namna hiyo.

Ua hili halitaki kubembelezwa. Linataka mawe ya chokaa, kivuli nusu na udongo wenye njaa. Wazee wetu walifyeka konde kila Julai, wakazunguka kila shina, wakabeba majani yote nje, na vuli wakaingiza ng'ombe. Mbegu ikianguka, inaweza kuchukua miaka kumi na zaidi kabla ya kutoa ua.

Mwaka 2005 alikuja mkurugenzi wetu, Bi. Pilvi Laasik, akiwa na mapenzi mengi na seng'enge nyingi. Aliamuru uzio ujengwe na kufyeka kukomeshwe. Ambaye angekaidi angefukuzwa kazi. Mzee Heldur aliujenga uzio mwenyewe, ukanyooka kama mstari wa rula. Ndani yake nyasi zilinenepa, vichaka vikafunga jua. Mashina mia moja na kumi na mawili ya kiatu cha dhahabu yakashuka hadi tisa. Yale tisa yangekwisha, konde lisingekuwa na mbegu ya kuanza upya.

Julai 2010 stoo ilipokea taarifa yake fupi: alipokuwa akikaza uzio, nyundo ilimponyoka ikapotelea ndani. Kwa kuwa ni mali ya umma, alilazimika kufyeka ili aitafute. Na kwa kuwa nyundo huweza kujificha katika majani, majani yote yalibebwa nje. Haikupatikana. Tulimpa nyingine.

Julai iliyofuata, hiyo nyingine ikapotea.

Vuli nayo lango lilikuwa likifunguliwa na upepo, hata siku ambazo bendera ya ofisi ilining'inia kama soksi. Ng'ombe wa Bibi Leida, jirani yetu, akaingia kula. Tulipomlalamikia bibi, alijibu kwamba kibao cha kukataza amekiona, ila ng'ombe wake hakusoma shule.

Nyundo ya tisa ilipopotea, mwaka 2018, mkurugenzi alikwenda kondeni mwenyewe. Tulijua mtu anarudi bila kazi.

“Mzee Heldur, ni nyundo gani hizi zinazopotea kila Julai?”

“Ni za msimu, Bosi.”

Bi. Pilvi hakucheka. Alianza kuhesabu mashina. Alihesabu hadi arobaini na moja, akarudia kuhesabu, kisha akakaa juu ya jiwe.

“Mwaka ujao ipotee mapema kidogo,” alisema. “Nije nisaidie kuitafuta.”

Alikuja, na mkate mweusi na samaki wa kopo. Mwaka huo huo uzio uling'olewa, na aliyeung'oa ni yule yule aliyeujenga. Juni hii tumehesabu mashina mia moja thelathini na saba. Mengi ni watoto wa miaka ya nyundo, na hii ndiyo mara yao ya kwanza kuchanua.

Mzee Heldur, asante kwa ukaidi uliouandikia taarifa kwa mwandiko mzuri. Tunakuombea miguu mikavu, sauna yenye moto wa kutosha, na Julai zisizo na kazi, ingawa hilo la mwisho hatuliamini.

Kwa ajili ya kumbukumbu za stoo, nyundo nane alizirudisha jana, zikiwa zimepakwa mafuta. Ile ya 2010 ilipotea kweli.