Zuali Aliyeuingiza Mlima wa Lungpher Kwenye Kompyuta

Wapendwa ndugu, majirani, wazee wa kanisa, nanyi vijana mliotoka makaburini na udongo bado uko viatuni, familia ya Mzee Thangkima inasimama mbele yenu kusoma habari za maisha ya mkwe wao, Vanlalbiakzuali, ambaye wengi wenu mlimwita Zuali, nasi tunaomba mtuvumilie tukikwama, kwa kuwa juzi Jumatano jioni alikuwa amekaa kwenye benchi lile pale akichambua majani ya haradali, na leo Ijumaa tunamwita marehemu, neno ambalo ndimi zetu bado zinalikataa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1981 mjini Serchhip, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Hrangdawla, mkulima wa kabichi, na Bibi Laltlani, ambaye yuko hapa nasi. Alianza shule ya msingi mwaka 1987 pale pale Serchhip, ambako walimu wake wanakumbuka mtoto aliyekuja darasani na mifuko iliyotoboka kwa mawe, akamaliza sekondari mwaka 1999, akaja hapa Aizawl kusomea elimu ya miamba, na mwaka 2004 akapata shahada yake ya pili.

Tarehe 2 Mei 2006 aliajiriwa serikalini, hapa hapa mjini, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kufika mahali palipoporomoka, kupima, kupiga picha na kuandika kwa nini palianguka. Aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu, lakini mwaka hata mwaka ilimla ndani kwa ndani, akamwambia mumewe kwamba amechoka kuwa tabibu ambaye haitwi mpaka wakati wa kuosha maiti, anataka angalau mara moja afike mlima ukiwa bado mzima.

Alifunga ndoa na Hrangchhuana, mwalimu wa sekondari, tarehe 5 Desemba 2007 katika kanisa letu la Lungpher, akaingia katika nyumba ambayo baba mkwe wake, Mzee Thangkima, aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, chini ya mlima, na Mungu akawajalia watoto wawili, Rinsangi aliyezaliwa mwaka 2009, na Muanpuia aliyezaliwa mwaka 2015.

Mwezi Julai mwaka jana, akiwa na miaka arobaini na miwili, marehemu alipanda treni kwenda Dhanbad kujifunza programu ya kompyuta ambayo kwayo mhandisi huujenga mlima kwa hesabu, akaukata vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, akakipa kila kipande uzito wake, ugumu wake na namna kinavyomshika mwenzake, kisha akauacha mlima huo uelemewe na uzito wake mwenyewe ili aone utasimama au utakwenda. Wanafunzi wenzake walikuwa vijana ambao angeweza kuwazaa, joto la huko lilimtesa, na mlima wake wa kwanza ulipoanza kuhesabiwa ulidondoka wote mzima chini ya kioo kama gunia lililokatika kamba, darasa likacheka, naye akacheka nao huku masikio yakimwaka. Mwalimu wao, Profesa Nirupama Mahato, alimwinamia akamwambia, "Mama, umeusahau ulimwengu. Mlima wako haujakalia kitu." Hakuwa ameiambia programu kwamba chini kuna ardhi isiyosogea. Alitusimulia kisa hicho mara nyingi kuliko tulivyotaka kukisikia, na sasa tungelipa chochote akirudie tena.

Aliporudi alijifunza mezani pa jikoni, alfajiri, wali ukiiva, na mlima aliouchagua kujifunzia ni huu wetu wa Lungpher, kwa sababu alishaupanda na kuutoboa, akalivunja jiwe lake kwenye mashine ya ofisini, akaujua tabaka kwa tabaka, jiwe gumu la mchanga juu na jiwe laini la tope chini yake. Mwezi Januari mwaka huu mlima ulisimama kwenye kioo, wote kwa rangi ya buluu, naye akatuita tuutazame, na Mzee Thangkima akafurahi hata akamwomba picha, akaitundika sebuleni kando ya picha ya harusi.

Mwezi Machi alimtumia Profesa Mahato kazi yake ili aikague, na jibu lililorudi lilikuwa swali moja tu, kwamba maji ameyaweka wapi. Marehemu alikaa na swali hilo siku nzima bila kula. Alikuwa ameujenga mlima wa kiangazi, mkavu, hali ya kuwa kila mtu hapa anajua jinsi chemchemi zinavyofoka nyuma ya nyumba zetu mvua zikikolea, basi akayaingiza maji mpaka pale tunapoyaona kila mwezi wa Julai, akaianzisha hesabu upya, na jiwe laini likaanza kuteleza, kipande kikimsukuma mwenzake, na rangi nyekundu ikashuka taratibu hadi kwenye paa la nyumba yake na paa za majirani zake. Mumewe anasema alimkuta amekaa mbele ya kompyuta mikono mapajani, akamuuliza kuna nini, naye akamjibu kwamba anatafuta kosa lake na halioni.

Alilitafuta kwa majuma matatu, akapunguza maji, akaongeza ugumu wa jiwe, akabadili kila alichoweza kukibadili bila kusema uongo, na mlima ukashuka kila mara. Ndipo akamwendea baba mkwe wake na picha ya pili, na maneno waliyoambiana asubuhi ile Mzee mwenyewe ametuomba tuyasome hapa kama yalivyokuwa.

Mzee alisema, "Januari mlima umesimama, Machi mlima umeanguka, na mlima wenyewe haujasogea hata unywele. Sasa aliyebadilika ni nani?"

Marehemu akamjibu, "Ni mimi, Baba. Januari nilikuwa sijajua cha kuuliza."

Siku ya tatu Mzee aliishusha ile picha ya buluu ukutani na kuanza kufunga vyombo, akitangaza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba hamwamini, anahama ili apate usingizi.

Mwezi Aprili, kwenye ukumbi wa kanisa, marehemu aliwaonyesha wakazi picha zake zote, ile iliyokosewa kwanza na zilizofuata, baraza la mtaa likakubali kwamba familia zilizo kwenye wekundu ziondoke kabla ya mvua, nazo zikaondoka, nyingine kwa shukrani, nyingine kwa kununa, na tunajua alibandikwa jina la Mama Mwekundu, tunajua pia dukani kulikuwa na watu waliomuuliza leo kompyuta imekula nini, naye aliitikia jina hilo kama alivyoitikia la kwake. Familia yake ilipokewa katika nyumba hii ya Mzee Ronghinga, shemasi wetu, na kila asubuhi marehemu alipanda peke yake kuangalia vigingi alivyovipigilia mlimani ili kupima kama ardhi imesogea.

Kuhusu ugonjwa, hatuna mengi ya kusoma, na hilo ndilo linalotuumiza. Tangu mwisho wa Aprili alilalamika kichwa, tukasema ni kioo cha kompyuta, naye akasema ni kioo cha kompyuta, akanunua miwani mipya. Jana Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa mbili asubuhi, akiwa amesimama jikoni akipakua wali, alimwambia binti yake, "Rinsangi, hebu nishikie," akampa mwiko, akaanguka. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa siku ya nne mfululizo, na majirani waliposikia kelele walitoka nje kwanza kutazama juu mlimani. Alifikishwa hospitali akiwa anapumua, madaktari wakagundua mshipa umepasuka kichwani, na saa sita kasoro dakika ishirini mchana akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Mtaa mzima ulikuwa ukiulinda mlima, na mlima mpaka saa hii umesimama, aliyeanguka ni yeye, na kati yetu sote hakuna aliyekuwa akimtazama.

Jana jioni, katika matanga, baadhi ya waliohama waliwatuma wazee kuuliza kwa adabu kama sasa wanaweza kurudi makwao, maana mvua imenyesha na hakuna kilichosogea, na mwenye hesabu hayupo tena. Hatuwalaumu, kuishi kwa watu kunachosha. Aliyeinuka ni Mzee Thangkima, akashika ukuta, akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia simwamini. Nyumba ya kwanza kule ni yangu, na mimi sirudi mpaka mvua ziishe. Anayetaka kurudi apite mbele yangu aniambie yeye ameuliza nini ambacho mwanangu hakukiuliza." Hakuna aliyepita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, wafanyakazi wenzake walioahidi kuvisoma vigingi vyake kila asubuhi, Profesa Mahato aliyepiga simu akalia na sisi, vijana wa mtaa waliochimba kaburi kwenye tope, Mzee Ronghinga na mkewe waliotupa paa la kuishi ambalo sasa limekuwa paa la msiba, na ninyi nyote mliomwimbia usiku kucha. Kama mlima utashuka, hatujui. Kwamba Zuali hayupo, tumeambiwa na daktari, tumemvika kwa mikono yetu nguo alizofuma mama yake, na hilo pia bado hatulijui.

Nenda, Zuali, mama wa Rinsangi na Muanpuia, ukapumzike kwa amani, nasi tutaendelea kulala pale ulipotuambia tulale.