Bi Wima na Chumba cha Kufumba Macho

Tarehe thelathini mwezi huu, Bi Wima anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika idara yetu ya tiba ya viungo. Jina hilo halimo kwenye vyeti vyake. Alipewa na wagonjwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kupita mbele yake akiwa amepinda mgongo asiambiwe "wima". Mkurugenzi mwenyewe, mpaka leo, akikaribia mlango wetu hunyoosha mabega kwanza ndipo abishe hodi.

Alianzia wodi ya mifupa, akiwarudisha kutembea watu waliovunjika miguu, nao wakimlaani na kumshukuru kwa pumzi moja. Baadaye alikwenda masomoni, na aliporudi akaomba apewe wagonjwa ambao wengi wetu tulikuwa tukiwakwepa: waliofanyiwa upasuaji wa shingo. Ugonjwa unaowafikisha huko huingia kimyakimya. Pingili za shingo huchakaa na kubana mishipa ya fahamu inayoshuka ndani ya uti wa mgongo. Mtu anaanza kuangusha vikombe. Vifungo vya shati vinamshinda. Anatembea kama anayekanyaga pamba, na ndugu wanaanza kunong'onezana kwamba amerudia pombe. Daktari mpasuaji akishapanua nafasi, kubanwa kunaisha, lakini habari za miguu hazifiki kichwani kama zamani. Mgonjwa anasimama kwa kutegemea macho. Akiyafumba, hajui miguu yake iko wapi.

Ndiyo maana chumbani kwa Bi Wima watu hufundishwa kufumba macho. Wengi wenu hamkijui chumba chenyewe, kwa kuwa kiko mwisho wa korido ya chini, baada ya stoo ya magodoro. Kina kioo cha ukuta mzima, vyuma viwili vya kushikilia, godoro la sponji la kukanyagia, na ubaridi ambao fundi wa majengo ametafuta chanzo chake mpaka akachoka. Mgonjwa husimama katikati, miguu pamoja, mikono kifuani. Bi Wima husimama pembeni yake, viganja wazi, karibu kumgusa lakini hamgusi. "Ugomvi wako ni na sakafu," huwaambia. "Mimi ni refa tu."

Hatuwezi kuieleza kazi yake bila kumtaja fundi rangi. Alikuwa bwana mnene, mcheshi, aliyepaka dari za watu ujana wake wote huku shingo ikiwa imeangalia juu. Aliletwa na mkewe baada ya upasuaji, akiwa bado na kola ngumu ya hospitali shingoni, na siku ya kwanza akatuchekesha mpaka tukashindwa kuandika. Kisha Bi Wima akamwambia afumbe macho.

Alifumba. Kidogo tu, sura yake ikabadilika.

"Nani huyu?" akauliza.

"Ni mimi," akajibu Bi Wima.

"Wewe uko kulia kwangu, nakusikia. Huyu aliye nyuma yangu ni nani?"

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kioo, na ndani ya kioo tuliona mgongo wake mpana na nyuso zetu sisi tuliokuwa tukitazama. Fundi rangi akafumbua macho, akageuka mwili mzima kama mlango, kwa sababu shingo ilikuwa haigeuki, akatazama mahali palipokuwa patupu. Hakucheka tena siku ile.

Wiki iliyofuata hakuja. Mkewe ndiye aliyekuja, peke yake.

"Mume wangu haogopi ngazi ya ghorofa nne," alisema, "leo anaogopa kupepesa macho. Analala taa zinawaka. Ananawa uso jicho moja limefumbuliwa, sabuni inamuunguza. Anasema huyo mtu ana kimo chake na anavuta pumzi akivuta yeye. Jirani ameshaniambia nimtafutie mganga."

"Na wewe unaonaje?" akauliza Bi Wima.

"Mimi naona atakaa kwenye kiti mpaka afe."

Hilo ndilo Bi Wima alilolihofia pia. Mtu wa aina hii asipofanya mazoezi miezi ya mwanzo, miguu husahau moja kwa moja. Akachukua mkoba wake akafuatana na yule mama mpaka nyumbani. Mke ndiye aliyetusimulia mambo ya huko. Bi Wima hakumcheka fundi rangi, wala hakumwambia anaota. Alimpeleka bafuni, akamfundisha kunawa uso akiwa ameegemeza mgongo ukutani, ili nyuma yake pawe na kitu anachokijua. Kisha wakaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwili wako umepotezana na wewe," alimwambia. "Habari zake zinakuja zimechelewa, ndiyo maana unausikia kama mtu mwingine. Usimfukuze. Mwache asogee."

"Una hakika ni mwili wangu?"

Bi Wima akafikiri. "Nina hakika na mazoezi," akasema. "Hayo mengine tutayaona huko huko."

Fundi rangi akarudi. Akawa anafumba macho na kumsalimia mtu wake kwanza, kwa sauti ya chini, kama anavyosalimiwa mpangaji mwenza. Nasi tulikuwa tukiendelea na kazi zetu, ila hakuna aliyekubali kupita kati ya mgongo wake na kioo. Hatukuwahi kukubaliana hivyo. Tulizunguka tu. Kila siku alitueleza: leo yuko mbali kidogo, leo amenikaribia, leo nasikia joto lake mgongoni. Miguu nayo ikawa inatulia, kuyumba kukapungua, mpaka asubuhi moja akiwa juu ya godoro la sponji, macho yamefumbwa, akasema taratibu, "Ameingia." Akasimama pale muda mrefu, machozi yakimtoka, bila kutikisika. Leo anatembea na fimbo na kupaka kuta za chini. Ngazi mkewe ameihamishia kwa shemeji yake.

Miaka mitatu iliyopita, siku ambayo fundi rangi alikuja kuangaliwa tu maendeleo yake, alimtazama Bi Wima akivuka chumba.

"Bi Wima," akamwambia, "mbona unatembea kama mimi?"

Tulicheka sote. Bi Wima hakucheka. Ndipo tukakumbuka funguo alizokuwa akiangusha, na ndara zilizokuwa zikimtoka mguuni bila yeye kujua, akaenda nusu ya korido akiwa na moja. Picha ya shingo ilithibitisha kwamba naye ana ugonjwa ule ule. Akafanyiwa upasuaji, na alipotoka wodini akakataa kupelekwa hospitali nyingine. Alitaka chumba chake, na alitaka mimi ninayeandika haya nisimame pembeni yake na viganja wazi.

Siku ya zoezi lake la kwanza idara nzima ilikuwa na sababu ya kuwa chumbani. Bi Wima akaweka miguu pamoja, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. Tukasubiri amtaje mtu wa nyuma. Kusema kweli, tulikuwa tumeshamtengea nafasi. Lakini hakumtaja yeyote. Uso wake ukawa mtupu kama wa mtu anayesikiliza simu iliyokatika, kisha akaanguka mikononi mwangu kama nguo inayotoka kwenye msumari.

Nilimuuliza baadaye kama alikuwepo mtu.

"Hakukuwa na mtu," akasema. "Wala nyuma, wala mbele. Nikajitafuta na mimi mwenyewe pale niliposimama. Sikuwepo."

Tangu hapo akaacha mazoezi. Alikuwa akija, akiketi kwenye kiti cha magurudumu mbele ya kioo, akijitazama. Alikuwa hataki hata kusinzia mchana. Dada yake, anayeishi naye, alituambia kwamba usiku Bi Wima humwamsha na kumuuliza, "Bado unaniona?" Na mwanamke yule alikuwa amewaambia mamia ya wagonjwa kwamba wasiogope.

Fundi rangi alipopata habari alikuja bila kuitwa. Hakutoa nasaha. Alimwomba ainuke, nami nikamshika. Kisha yeye, ambaye mwenyewe hakuwa imara sana, akaiweka fimbo chini, akageuka, akaupeleka mgongo wake taratibu mpaka ukagusa wa Bi Wima.

"Fumba," akasema.

Bi Wima akafumba. Alikuwa akitetemeka, na kwa sababu walikuwa wameegemeana, wote wawili wakawa wanatetemeka.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi huyu wa nyuma ni mimi. Anayebaki hapo mbele ndiye wewe."

Kisha Bi Wima akasema visigino vyake vina baridi. Lilikuwa jambo dogo mno, lakini mimi nilijua maana yake. Sakafu ilikuwa imemfikia.

Alirudi kazini, akitembea na fimbo, akawafundisha wagonjwa na wafanyakazi wapya, mzaha wake ukarudi pamoja naye. Kuna jambo moja tu hakulifanya tena: hakufumba macho akiwa amesimama bila mtu nyuma yake.

Ijumaa iliyopita, kipindi chake cha mwisho, alituagiza wafanyakazi wote tusimame katikati ya chumba, miguu pamoja, tufumbe macho, ili tujue tunachowaomba wagonjwa. Tukafumba. Jamani, sakafu ile inatembea. Nilisikia pumzi za wenzangu, kisha nikaanza kushindwa kujua ipi ni yangu. Tulipofumbua, Bi Wima hakuwepo. Mlango, ambao hulia kila unapoguswa, hakuna aliyeusikia.

Tulimkuta uani, kwenye kamba za kuanikia mashuka ya wodi. Fimbo yake ilikuwa imelala majanini. Alisimama katikati ya mashuka yaliyokuwa yakijaa upepo na kulegea, yakijaa na kulegea, macho yamefumbwa, mikono kifuani, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Mmoja wetu alitaka kukimbia akamdake. Tulimzuia. Mashuka yote yaliyumba. Yeye hakuyumba.

Bi Wima, asante kwa kutusimamia miaka yote hii. Idara inakuombea afya, usingizi mtulivu kando ya dada yako, na sakafu kavu popote utakapokanyaga. Tunakutakia siku njema nyingi, na kwenye korido yetu utapita muda wowote upendao.