Jiwe la Maili ya Saba na Marehemu Clavery Kaijage

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu na majirani, kabla historia haijasomwa, Egbert, mdogo wa marehemu, anayewasomea, anaungama mbele za Mungu na mbele ya jeneza hili kwamba jiwe la maili ya saba, lile lenye nakshi za pembe za ng'ombe, ambalo marehemu alilitafuta tangu mwaka 2011 hadi anakata roho, alilichomoa yeye barabarani kwa kuwa lilikuwa bapa, akalilaza kifudifudi nyuma ya bucha lake, akawa anachinjia mbuzi juu yake.

Marehemu Clavery Kaijage alizaliwa Kihanga tarehe 4 Machi 1950, akasoma hapo hapo hadi darasa la nne, na mwaka 1972 akawa kibarua wa barabara iendayo Igurwa, akifyeka na kusafisha mawe ya maili yaliyochongwa enzi za babu zetu, na alipostaafu mwaka 2005 kijiji kiliyafanya kumbukumbu, naye akaendelea kuyatunza.

Alifunga ndoa na Deodatha tarehe 13 Desemba 1975, wakajaliwa watoto wanne, ambao ni mashahidi kwamba kila Jumamosi baba yao alirudi na ndoo yake amenuna, maana alikuta mawe yamekojolewa, yamebandikwa picha za wagombea, yamepakwa kinyesi, akawa anasema watu wa hapa wanachukia hata kitu kisichowaomba chakula.

Siku alipoingia buchani kuulizia jiwe la saba, Egbert alimjibu, shikamoo kaka, labda limekwenda Kyerwa kutembea, wateja wakacheka, marehemu naye akacheka, akafungiwa kilo ya nyama ya mbuzi aliyechinjiwa juu ya jiwe hilo hilo.

Kisukari kilimpata mwaka 2019, akakatwa mguu mwaka 2022, akawa anasukumwa na mkewe kwenye kiti cha magurudumu hadi maili ya sita, wanageuza hapo, mpaka alipofariki tarehe 9 Juni 2024 alfajiri.

Jana Egbert alilipindua jiwe, akakuta mafuta yaliyooza, funza, na pembe zile zikiwa nzima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, na vibarua wenzake wa barabara.

Pumzika, kaka, kwa amani ambayo mdogo wako alikunyima.

Nanyi vijana mlioshika majembe, tukishafukia msinawe mikono kwanza, njooni buchani tulibebe jiwe, tulirudishe mahali pake.