Mzee Simioni Nchagwa na Neno Alilokataa Kulifuta

Mchungaji Filemoni, wazee wa kanisa, ndugu zetu mliotoka Nyanungu, Mugumu na Manchira, na ninyi majirani wa Machochwe ambao hamjalala tangu Jumanne: poleni kwa msiba, na asanteni kwa kufika. Mimi ni Regina, mtoto wa kwanza wa marehemu. Kamati ya mazishi imeniomba niwe mfupi. Nimewaahidi nitajaribu, na wanaonijua wamecheka.

Mzee Simioni Nchagwa alizaliwa mwaka 1951 huko Nyanungu, wilaya ya Tarime, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nchagwa na Bibi Gati. Tarehe yenyewe haikujulikana. Hiyo tarehe 10 Machi mnayoiona kwenye ratiba alipewa na mwalimu wa dini siku ya kumwandikisha, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa tarehe ya siku ile. Marehemu aliipokea vizuri tu, na wajukuu walipoanza mambo yao ya keki, kila mwaka aliikata bila kuuliza swali.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la nne mwaka 1965, ng'ombe wa nyumbani wakahitaji mtu, akaacha. Biblia aliendelea kuisoma mwenyewe machungani, na mwaka 1968 akabatizwa. Babu yetu hakuwa Mkristo, aliishika mila ya baba zake mpaka kufa kwake. Lakini siku ya ubatizo alimsindikiza mwanawe hadi mlangoni pa kanisa na kumshikia kofia. Ibada ilipokwisha alimuuliza mwalimu wa dini kama huko mbinguni, anakoandaliwa mwanawe, na yeye mzazi atamkuta. Mwalimu alimjibu bila kumung'unya maneno kwamba hatamkuta. Babu akarudi nyumbani, akamchinjia mwanawe mbuzi wa furaha, wakala pamoja. Jambo hili marehemu alitusimulia wakati wa msiba wa babu, na hakuongeza neno lake.

Mwaka 1973 alifunga ndoa ya kanisani na mama yetu, Rhobi Waitara, na mwaka uliofuata, mimi nikiwa mgongoni, wakahamia hapa Machochwe kutafuta mashamba. Alilima mahindi na ulezi. Kuanzia mwaka 1979 alikuwa akipeleka ng'ombe mnadani Mugumu, na huko ndiko alikokutana na Mzee Lukmani, mwenye bucha, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani akazikwa huku huku. Walizoeana upesi kama watu waliokua zizi moja. Lukmani alidai amemzidi mwaka mmoja. Kwa kuwa tarehe ya marehemu ilikuwa ile ya mwalimu wa dini, hakuwa na la kubishia, akaanza kumwamkia shikamoo. Lukmani alikuwa akimlalamikia, "Mura, kijana wewe, unanizeesha mbele ya wateja," halafu anaitikia marahaba ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Nisiwadanganye kwamba hawa wazee waliona dini zote ni sawa. Thubutu. Lukmani alitamani sana marehemu asilimu, na marehemu alitamani sana Lukmani abatizwe. Kila mmoja alimwonea mwenzake huruma. Walibishana hapa uani mpaka chai inapoa, huyu anasema Isa, huyu anasema Yesu, na mama anawaambia wanywe kwanza. Saa ya swala ikifika Lukmani alinyamaza katikati ya hoja, na marehemu mwenyewe aliinuka kumtolea mkeka uliokuwa ukitundikwa nyuma ya mlango kwa ajili yake. Akimaliza, wanaendelea pale pale walipoachia.

Sasa nisimulie harusi yangu, maana wengi mnaijua vibaya. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1994. Marehemu alikuwa amewaalika Lukmani, mkewe Mwantumu, na jamaa zao wengine wa Mugumu, na fahali mweusi wa sherehe alikuwa amewekwa amngojee Lukmani amchinje mwenyewe, ili nyama iwe halali na watu wote wale chungu kimoja. Ndivyo tunavyofanya huku na kila mtu anajua. Lakini baba zangu wadogo kutoka Nyanungu walifika usiku, wakaamka alfajiri na juhudi zao, wakaona wenyeji wamelala na fahali anasubiri. Wakamchinja. Lukmani anateremka na kisu chake kwenye kitambaa, anakuta ngozi imeshaanikwa.

Lukmani alisema hakuna neno, wao watakunywa soda na kula wali mtupu. Marehemu alikwenda zizini akamtoa fahali mweupe, kipenzi chake, ambaye misimu yote alikataa kumpeleka mnadani. Baba wadogo walipiga kelele kwamba huu ni wazimu, fahali wawili kwa binti mmoja. Marehemu akawaambia, "Nimeita watu waje kula. Sikuwaita waje kutazama wengine wakila." Lukmani akachinja, na aliyeshika miguu ya yule fahali ni marehemu mwenyewe, na suti yake ya kumtoa binti. Chakula kilitoka saa kumi jioni. Mimi bibi harusi nilikaa na shela kichwani na njaa tumboni, nikimnunia baba yangu hadharani, na picha zipo. Tangu siku ile hakuna sherehe wala msiba uliofanyika nyumbani kwetu bila kisu cha Lukmani, na majirani wengi nao wakawa wanamwita yeye.

Marehemu aliwekwa kuwa mzee wa kanisa mwaka 1988, akatumika miaka ishirini na saba. Alijenga na wenzake kanisa hili mnaloliona, alifundisha ubatizo, alizika, alipatanisha. Tunamshukuru Mungu kwa utumishi huo. Najua kamati ingependa niruke yaliyofuata, lakini marehemu hakuyaona aibu, nami siyaoni.

Mwezi Agosti 2015 Mzee Lukmani alifariki. Marehemu alikwenda Mugumu, akalifuata jeneza mpaka makaburini, akavua kofia na kutia udongo kwa mkono wake. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yake ya kuomba mbele ya ushirika. Akaomba kwa ajili ya mvua, wagonjwa, wasafiri, kisha akasema, "Tunakushukuru, Bwana, kwa rafiki yangu Lukmani uliyempokea." Wengine hawakuitika amina.

Baraza la wazee likamwita. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nashoni, aliyebatizwa naye siku moja kule Nyanungu. Walimsomea maneno ya Bwana Yesu kwamba yeye ndiye njia, na hakuna anayefika kwa Baba pasipo yeye. Marehemu akasema anayaamini hayo, na ndiyo aliyomhubiria Lukmani miaka thelathini na sita. Wakamwambia basi asimame mbele ya ushirika alifute lile neno, amalize. Akajibu, "Nilikuwa namshukuru Mungu, sikuwa namfundisha kazi. Siwezi kurudi kwake nikamwambia nimeghairi kushukuru."

Walimvua uzee wa kanisa, wakamzuia Meza ya Bwana mpaka atakapolifuta neno. Alihamia benchi la mwisho. Makanisa mengine yalimkaribisha, akakataa. Alisema hapa ndipo kwao. Siku za Meza, sinia lilipofika kwake alilipokea kwa mikono miwili, akampa wa pembeni yake, bila kugusa. Sisi watoto tuliona uchungu kuliko yeye, au alijua kuuficha. Mama anasema aliuficha.

Mwezi Novemba 2023 chakula kilianza kumkwama. Hospitali ya rufaa Mwanza wakasema ni saratani ya koo la chakula, na kwamba imekwenda mbali. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, tunamshukuru ndugu yangu Waitara aliyemwogesha kila asubuhi, tunamshukuru mama ambaye alimkorogea uji mwepesi hata alipobaki kuutazama tu. Kifo hakikumtisha. Alichokuwa akimuuliza mama ni kama ataondoka bila kuigusa Meza tena.

Mwezi Mei mwaka huu Mchungaji Filemoni, ambaye ni mgeni kwetu, alikuja kumtembelea. Nilikuwepo. Alikaa kitandani pembeni yake, akamuuliza taratibu kama bado anaamini kwamba Lukmani alifika kwa Mungu. Niseme ukweli, moyoni nilimwomba baba ajibu lolote litakalompatia mkate ule.

"Mchungaji, mimi naenda kwa Yesu, sina kwingine," alisema. "Nikimkuta Lukmani huko, sitamuuliza amepitia wapi. Nitamwamkia."

Mchungaji akaomba, akaaga, akaondoka. Jumapili alasiri akarudi na kikapu chake cha vyombo vya Meza, akatandaza kitambaa cheupe kwenye stuli. Alilowesha chembe ya mkate kwenye divai, na marehemu akaimeza, siku ambazo hata maji yalikuwa yanarudi. Mchungaji, najua ulilaumiwa kwa jambo hilo, na sijui Mungu atakulipaje, ila familia hii haitakusahau.

Mzee Simioni alilala Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwake, mama akiwa amemshika mkono.

Hili la mwisho halimo kwenye karatasi zenu, maana limetokea jana baada ya kuchapa. Marehemu aliagiza fahali wa msiba wake achinjwe na Faridu, mwana wa Lukmani. Baadhi ya wazee waliona haifai, mtu aliyerudishwa Mezani juzi juzi tuanze tena maneno juu ya kaburi lake. Na Faridu mwenyewe, Idi ikiwa keshokutwa, bucha limejaa watu na simu haipokelewi. Tulishakata tamaa. Jana asubuhi tukasikia pikipiki. Aliyekuwa anaendesha ni Mzee Nashoni, na umri wake ule, na vumbi mpaka kwenye nyusi, na aliyempakia nyuma ni Faridu, ameshika kisu cha baba yake kwenye kitambaa.

Nilimpokea Mzee Nashoni nikimkodolea macho. Akaniambia, "Usinitazame hivyo. Lile neno bado nalikataa. Lakini Simioni hawezi kuondoka wageni wake hawajala." Kisha akavua koti, akaenda akashika miguu ya fahali.

Marehemu ameacha mjane, mama yetu Rhobi. Watoto watano, Regina, Waitara, Gati, Simon na Nchagwa. Wajukuu kumi na tisa na vitukuu watatu. Ameacha pia Bibi Mwantumu, mjane wa Lukmani, na watoto wake Faridu na Shamsia. Kamati iliwaweka kwenye mstari wa marafiki. Nimewatoa huko nikawaleta hapa kwenye familia, na mama amekubali.

Chakula kipo, na wote mtakula. Asante, Mungu, kwa baba uliyetupa miaka sabini na mitatu. Alikuja kwako na shikamoo mdomoni, ya kumwamkia mtu ambaye sisi hatujui kwa hakika yuko wapi, na wewe unajua.

Apumzike baba yetu, na aitikiwe marahaba.