Fundi Saa Aliyeifundisha Marekani Sebuleni

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi saa. Alifariki juzi alfajiri, akiwa na miaka sabini na minane, na jana tulimzika. Mtaani walimwita Profesa, nusu utani, nusu heshima.

Fundi saa huyu alifundisha habari za Marekani. Narudia: Marekani, nchi ambayo hakuikanyaga hata siku moja. Mchana alikaa kibandani kwake, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akifungua saa za watu. Jioni alikwenda shule ya watu wazima. Huko ndiko alikokutana na historia ya Wamarekani na fasihi yao, na hakuachana nazo tena. Wapita njia walimtania: "Profesa, Marekani sasa hivi ni saa ngapi?" Naye alijibu bila kuinua kichwa: "Saa ya hapa imekushinda, ya Marekani utaiweza?"

Kila Jumamosi alasiri alifundisha bure sebuleni kwake. Tulikuwa wanafunzi sita. Ndiyo, wasikilizaji, hata mtangazaji wenu alikuwemo. Kwanza alisoma ukurasa wa historia, kisha ukurasa wa riwaya au shairi. Alisema: "Historia itakwambia sheria ilipitishwa mwaka gani. Fasihi itakwambia ilimwangukia nani."

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kabla ya kufa aliacha karatasi. Ilisema hivi: "Mkinitangaza redioni, msinipambe. Semeni na habari ya kikombe." Ndugu walibishana sana. Shangazi mmoja alisema, "Marehemu hasemwi vibaya." Binti wa marehemu akamjibu: "Shangazi, hapa hasemwi. Anasema mwenyewe."

Basi sikilizeni. Jumamosi moja, miaka kumi na minne iliyopita, somo lilikuwa mabomba ya maji. Zamani, katika majimbo ya kusini mwa Marekani, weupe walikuwa na bomba lao na weusi lao. Fundi saa alisoma sheria, akasoma na masimulizi. Ubaoni aliandika kwa herufi kubwa: KILA MTU NA BOMBA LAKE. Akatugeukia. "Jamani, binadamu anawezaje kumwekea binadamu mwenzake maji ya peke yake?"

Vumbi la chaki lilimkereketa koo mwenzetu mmoja, muuguzi. Akaenda jikoni, akarudi na maji katika kikombe cha bati cha buluu. Kabla hajakifikisha mdomoni, fundi saa akadakia, chaki ikiwa bado mkononi: "Aa! Hicho weka. Hicho cha dada."

Dada ndiye mfanyakazi wa nyumba ile, mama mtu mzima aliyewapikia na kuwafulia kwa miaka tisa. Kikombe chake kilikaa kwenye msumari wake, mbali na vikombe vingine, naye aliingia na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Muuguzi akauliza taratibu, "Cha dada kina nini, Mwalimu?"

Fundi saa akafungua mdomo. Akautazama ubao, akatutazama sisi. Uso ulimshuka. "Ni... ni utaratibu wa nyumba tu." Muuguzi akayanywa yale maji mpaka tone la mwisho. Sisi watano tuliinamisha vichwa kwenye madaftari, kama tunaandika. Hatukuwa tunaandika kitu. Mganga hajigangi, wasikilizaji, na wasaidizi wake nao walikuwa hoi.

Tulipoondoka, fundi saa alikwenda jikoni. Yaliyosemwa huko aliyaandika kwenye ile karatasi. Dada alikuwa anasugua sufuria.

"Dada, nisamehe."

"Kwa lipi, Mwalimu?"

"Kwa kikombe."

"Kikombe ni bati tu. Huu mlango hauna hata pazia. Miaka tisa nakusikia kila Jumamosi. Habari za hao watu nazijua kuliko wanafunzi wako wanaosinzia. Nilikuwa nangoja siku ambayo na wewe utazisikia."

Akamwomba aje kukaa darasani. Dada akacheka kidogo. "Leo una haya, Mwalimu. Mwenye haya huahidi mengi."

Mwisho wa mwezi dada aliaga, akaenda kuwa mpishi wa shule. Mjane wa marehemu alituambia jana, bila kuzunguka: "Kikombe kile nilikitundika mimi. Lakini kati yetu, msomaji alikuwa yeye."

Kwa miezi mitatu fundi saa hakufundisha. Aliporudi, kila kundi jipya alilianzishia na habari ya kikombe cha nyumbani kwake mwenyewe. Wengine walimcheka, mmoja aliondoka. Na mara mbili alimfuata dada shuleni kumwomba tena msamaha. Mara zote mbili alijibiwa kwa adabu: "Bado, Mwalimu." Hakukasirika. Alirudi kibandani, akabana kioo jichoni, akaendelea na kazi.

Jana nilimpigia dada simu kumpa habari. Nikamuuliza kama amemsamehe. Akasema: "Hilo niachieni mimi. Mwambieni mama nitakwenda Jumapili kumpa pole." Nikadhani amemaliza. Akaongeza: "Na nitaingilia mlango wa mbele."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane, binti, shangazi na ukoo wote. Tunampa pole dada pia, maana naye amepoteza mtu aliyekuwa na deni la maneno kwake. Mungu amlaze marehemu mahali pema.

Nasi tuliobaki, tusiende kumtafuta mkosaji Marekani. Huenda sasa hivi kipindi hiki kinasikilizwa na wawili nyumbani kwako: wewe uliyekaa sebuleni, na mwingine aliye jikoni. Nilipotoka darasani siku ile nilikwenda nyumbani, nikafungua kabati langu la vyombo. Nilichokiona sikumwambia mtu kwa miaka kumi na minne. Leo nawaambia: kwangu haikuwa kikombe, ilikuwa sahani.