Guleid Abdow na Mitikisiko ya Hulugho

Marehemu Guleid Abdow Warfa alizaliwa Masalani tarehe 1 Januari 1961, kwa mujibu wa kitambulisho, ingawa mama yake alisema alimzaa mvua ikinyesha, na Januari ya Masalani mnaijua, ni kavu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akaishia darasa la saba baada ya kubishana na mwalimu, mengine akajifunza mwenyewe kwa vitabu na ukaidi, na mwaka 1984 akaajiriwa hapa Garissa kutunza mitambo ya kupimia mitikisiko ya ardhi.

Tarehe 12 Agosti 1988 alimuoa Ardo, wakajaliwa Idil na Hamdi, na hasira zake familia haitazipamba, wengi wenu mlizionja.

Juni 2019 watu wa Hulugho walilalamika kwamba kisima chao kirefu kinatikisa ardhi, Guleid akafukia chombo cha kupimia karibu na birika la mifugo, na chombo kilipoonyesha mitikisiko mikubwa mitupu, kamati ya kisima ikaamua kisima kifungwe, na maji mengine ya karibu hayakuwepo. Guleid akakataa, akawaambia ardhi ni kama kundi la ngamia, ndama na majike tele, madume wa kuhesabika, vivyo hivyo mitikisiko midogo ndiyo mingi, na kila ukubwa ukipanda ngazi moja idadi hubaki kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kundi la madume watupu si kundi, ni mnada, kuna aliyewachagua. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Siyad, akamuuliza kama ni yeye aliyemfundisha Mungu kutikisa. Guleid akaamuru ngamia wazuiwe wasifike birikani asubuhi nzima, wachungaji wakamtukana yeye na chombo chake, na chombo kikanyamaza kimya. Akasimama akasema waziwazi kwamba watikisaji ni ngamia wanaokuja kunywa, na mjinga aliyekifukia pale ni yeye, akakihamishia mbali, midogo ikaonekana mingi, mikubwa haba, na kisima hakikufungwa.

Januari 2025 moyo ulianza kumsumbua, akapimwa, akafurahi kuona mapigo madogo mengi na makubwa machache, daktari akamwambia, adeer, ami yangu, huo ndio ugonjwa wenyewe, mapigo ya moyo yanatakiwa yalingane, na hiyo ndiyo hoja pekee tuliyomwona akishindwa. Alifariki Ijumaa tarehe 14 Machi, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wafanyakazi wenzake, na wachungaji wa Hulugho, waliokuja ingawa bado wana kinyongo.

Allah akurehemu, Guleid, pumzika kwa amani, na ardhi ikitikisika kidogo huko, iache, usiinuke kuipima.